Jibu la Wilf Halijatiwa Wino

Benchi lenyewe lipo nje ya soko la Skelby, chini ya paa la bati linalovuja upande mmoja, mkabala na kibanda cha kahawa. Mvua ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, haina haraka ya kwenda popote, na wazee wa benchi hilo vilevile. Kila asubuhi hukutana hapo na gazeti moja, kalamu moja ya wino na biskuti za tangawizi, wakapambana na fumbo la maneno linalotungwa na mtu ajiitaye Mbigili. Hakuna aliyewahi kumwona Mbigili, ila wote wanamtukana kama jirani. Refa, aliyechezesha mechi za vijijini maisha yake yote, hukaa kushoto. Muriel, ambaye watu wamesahau kwamba anaitwa Muriel, humwita Kamusi kwa sababu hatembei bila kamusi kwenye kikapu chake cha magurudumu, hukaa kulia. Enid hukaa katikati. Nafasi ya nne ni ya mumewe, Wilf, na tangu kiharusi kimwangushe haijakaliwa na mtu.

Asubuhi hiyo Enid alikuja akihema. Alikuwa ametoka hospitalini kumlisha Wilf uji, na gazeti lilikuwa kwapani, limeshaanza kulowa.

—Amesema neno, alisema kabla hajakaa.

—Nani?

—Wilf! Nani mwingine? Nimemsomea mafumbo kama kawaida. Nilipofika namba tisa, akasema neno. Zima. Si "ndiyo", si "chai".

Refa akaweka kikombe chini. Tangu alipougua, Wilf alikuwa na maneno hayo mawili tu. Ukimwuliza kama anaumwa, ndiyo. Ukimwuliza jina la mkewe, chai.

—Neno gani, mpenzi?

—Amani.

Kamusi alivuta gazeti, akavaa miwani juu ya miwani.

—Namba tisa, herufi tano. "Shusha kichwa, rudi nyuma: utulivu." Amani ina herufi tano, na maana ni hiyohiyo. Linaingia! Enid, linaingia!

—Najua linaingia. Hazel anasema limeingia kwa bahati.

Hazel ni binti yao. Mchana huo kulikuwa na kikao: Hazel, daktari, na bibi wa ustawi wa jamii, waamue kama Wilf atarudi nyumbani kwake au atapelekwa makao ya wazee, kule ng'ambo ya kilima. Hazel si mtoto mbaya. Ameshachoka kumwona mama yake akizungumza na mtu ambaye, kwa maoni yake, hayupo tena. Alipopigiwa simu asubuhi hiyo alisema, "Mama, amani ni neno la kanisani. Limemtoka tu."

—Kwa hiyo nataka nikaingie kwenye hicho kikao na maelezo, Enid alisema. Niwaonyeshe kwamba neno limetoka kwenye dokezo, si hewani.

—Na majibu yanachapishwa kesho, Kamusi alisikitika.

—Kesho itakuwa imeshaamuliwa.

Refa alifungua kalamu, kisha akaifunga tena. Pale kwenye benchi jibu halitiwi wino mpaka lielezwe, na kila neno la dokezo lioneshe kazi yake. Upande mmoja wa dokezo ni maana, upande wa pili ni mtego. Wilf ndiye aliyeleta sheria hiyo. Alikuwa akisema jibu bila sababu ni sawa na goli la kuotea.

—Tuanze na la kupashia moto, Refa alisema. Namba nne. "Katika makasha mbali, mahali pa kulima."

—Shamba, Kamusi alijibu bila kuinua macho. Limelala humohumo. Maka, SHAMBA, li. Tia wino, tusipoteze muda. Turudi kwa Wilf.

—Haya. Utulivu ni amani, hilo halina ubishi. Maana iko mwishoni. Kwa hiyo mtego ni "shusha kichwa, rudi nyuma."

—Shusha kichwa, maana yake kata herufi ya kwanza. Mtoto mdogo anajua. Mbigili amewakata vichwa maelfu.

—Basi tunatafuta neno la herufi sita, likikatwa kichwa libaki amani. Wahenga walisema, mchovya asali hachovyi mara moja.

—Wewe chovya biskuti yako, mithali waachie wenyewe.

Refa alitafuna, akawaza, akapiga paja.

—Samani! Kata S.

—Samani inahusu nini na kurudi nyuma?

—Unaponunua kochi, likawa halipiti mlangoni, unafanyaje? Linarudi nyuma!

—Wee Refa, toka hapa.

—Mimi mwenyewe liliwahi kurudi. Kochi la kijani. Mke wangu hakusema na mimi mpaka Pasaka.

Enid alicheka, na alijishangaa kwamba amecheka. Kamusi alikuwa ameshafungua kitabu chake magotini.

—Zamani, alisema polepole. Kata Z, unabaki na amani. Na ukirudi nyuma, unafika wapi? Unafika zamani.

Wakalionja. Lilikuwa zuri. Lakini Refa alitikisa kichwa.

—Nalitamani, ila napuliza filimbi. "Rudi nyuma" ni kitendo, zamani ni wakati. Mbigili ni mshenzi lakini hachezi rafu. Wilf angelikataa.

—Wilf hayupo hapa akatae!

Kamusi alijutia neno lake papo hapo, akamshika Enid mkono. Enid alimpigapiga kiganjani kumwonyesha kwamba hakuumia, ingawa aliumia.

—Basi Yamani, Refa akadakia haraka. Kahawa ilitoka wapi zamani hizo? Yamani. Na sisi tunakunywa nini? Sasa ukiirudisha kahawa nyuma, kule ilikotoka...

—Hii ni chai, Refa.

—Mbigili hajui hilo. Nawaambia, yule mtu anatufahamu. Anakaa mle ndani ya soko, kwa muuza samaki, anatusikiliza.

—Kwa hiyo muuza samaki ndiye Mbigili?

—Sijasema. Ila mbona anajua kusoma sana?

Wakati wanabishana, mwanamke mwenye mbwa aliyelowa alikuja na kikombe chake akitafuta pa kujikinga mvua. Alikuwa amehamia mtaa huo karibuni tu, ghorofani juu ya duka la nyama. Aliangalia nafasi iliyo wazi, Enid akasita kidogo, kisha akasogea.

—Kaa, mpenzi, Refa alisema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mbwa akae mbali na biskuti.

Yule mwanamke akakaa kwenye nafasi ya Wilf bila kujua ni ya nani. Kamusi alimweleza kwa kifupi: mgonjwa, neno, kikao, dokezo, hata ile zamani iliyokataliwa. Akasikiliza bila kuwakatiza, mbwa akijikung'uta mvua kwenye viatu vya Refa.

Enid hakuwa anawasikia tena. Alikuwa anaviona vile viboksi vitano vyeupe. Tatizo la watu waliozoea mafumbo, aliwaza, ni kwamba ukiwatajia kichwa wanakimbilia kisu. Je, kama hakuna cha kukata? Mtu wa kawaida ukimwambia ashushe kichwa, atafanya nini? Aliteremsha chake taratibu, mpaka kidevu kikagusa shali.

—Enid? Unajisikia vibaya?

—Nimeinama, alisema humo ndani ya shali. Kisha akainuka ghafla. Inama! Shusha kichwa ni inama. Rudi nyuma, lisome kutoka mwisho!

Kamusi aliandika pembeni ya gazeti kwa kidole chenye maji, akasoma herufi moja moja kinyumenyume. A, M, A, N, I. Hakuna neno lililobaki bila kazi.

Refa alisimama akapuliza filimbi ambayo hakuwa nayo. Mbwa akabweka. Kamusi alikuwa anafuta machozi na kamusi ikimdondoka.

—Ana akili zake! Refa alipiga kelele mpaka muuza kahawa akachungulia. Sisi wazima watatu tumehangaika na makochi, yeye kitandani na uji mdomoni kalivunja mara moja! Kawaambie kwenye kikao, mpenzi. Chukua kalamu. Andika mwenyewe.

Enid alichukua kalamu. 

—Samahani, yule mwanamke mwenye mbwa alisema. Mimi mgeni wa haya mambo. Yeye mwenyewe alisema kalipataje? Kwa hiyo ya kuinama, au ile ya zamani?

—Bado hatujui, Kamusi alijibu.

—Mlipomwuliza, alisemaje?

Refa alikaa. Kamusi aliangalia vidole vyake. Maji yalidondoka kutoka kwenye bati, yakaendelea kudondoka.

Enid aliiona ile asubuhi upya. Wilf alisema neno, naye akamwambia, "Vyema, mpenzi," kwa sauti ya kumwambia mtoto aliyemaliza uji, akampangusa kidevu, akakimbilia simu kumpigia Hazel. Lakini kidole cha Wilf kilikuwa juu ya gazeti. Kilikuwa kimekaa kwenye dokezo, kinakwaruza karatasi, kinakwenda na kurudi. Alidhani ni ule udhaifu wa mkono. Alikiondoa yeye mwenyewe, taratibu, ili apate kukunja gazeti.

Alifunga kalamu akamrudishia Refa.

—Huandiki?

—Halijaelezwa.

—Si umelieleza sasa hivi!

—Nimeeleza langu, Enid alisema huku akitafuta kitambaa chake cha kichwa. Lake bado.

—Kikao ni mchana, mpenzi. Utawahi?

—Ndiyo maana naondoka sasa.

—Na ukimwuliza asijibu? Kamusi alisema. Au akisema chai?

Enid alichukua gazeti. Hofu hiyo ndiyo iliyomziba mdomo tangu siku ile ya kwanza wodini. Alimlisha, alimsomea, alimwimbia nyimbo za kanisani, alimsimulia habari za mtaa mzima, lakini hakuwahi kumwuliza kitu kisha akanyamaza kungoja. Aliinua gazeti juu ya kichwa kuzuia mvua, akaona wino wa namba nne utachuruzika, akalishusha akalificha ndani ya koti. Basi la hospitali lilikuwa linapinda kona ya benki. Alishuka barabarani, kichwa kikilowa, akalipungia mkono lisimame.