Mwalimu Albina na Vitabu vya Mkondo B

Tarehe 30 Juni 1983, Mwalimu Albina Kapele anastaafu baada ya kufundisha na kukagua shule za Ufipa kwa miaka thelathini na mitatu. Kamati ya sherehe imeniomba maneno machache ya kuchangamsha. Nimejaribu. Kila nikianza, hasira inanipanda, basi nitaandika yaliyotokea.

Alianza mwaka 1950 na darasa la kwanza, watoto wengi wakijua Kifipa tu. Aliwafundisha Kiswahili kwa kuwaimbisha majina ya vyombo vya jikoni, na hadi leo wapo watu wazima mjini Sumbawanga wanaomsalimia kwa wimbo wa sufuria. Alipopandishwa kuwa mkaguzi, alizunguka kwa baiskeli, na hakufungua daftari la mwalimu mkuu yeyote kabla hajaonja uji wa watoto. Walimu wakuu walimwogopa kuliko mvua ya mawe.

Mwaka 1978 alikabidhiwa kazi ambayo wengi tuliiona ya kupumzikia: kusoma maombi ya watafiti wa vyuo vikuu waliotaka kuingia madarasani, na kuishauri ofisi yetu ya elimu. Hakupumzika. Kila ombi alilirudisha na swali lile lile: wazazi wameambiwa nini?

Mwaka uliofuata alikuja Ndugu Tuntufye, kijana wa Mbeya aliyekuwa akisoma chuo kikuu ng'ambo. Alitaka kupima kitabu kinamsaidia mtoto kiasi gani katika hesabu. Katika shule moja upande wa Mpui, ambayo siitaji kwa ajili ya watoto wale, mkondo A wa darasa la sita ungebaki na vitabu, na mkondo B ungenyang'anywa kwa mwaka mzima. Wazazi wasiambiwe, wasije wakaharibu matokeo.

Mwalimu Albina aliandika kurasa mbili za kukataa. Mkubwa wetu wa wakati huo akamwita mbele yetu sote.

"Huyu ni msomi," alisema. "Wewe nani umzuie?"

"Mimi ni mwalimu. Mwakani watoto hao wana mtihani. Nani atawarudishia mwaka wao?"

Mkubwa akasaini kibali. Mimi Clemens, karani wa masjala, ndiye niliyekipiga chapa. Nilijua mama huyu anasema kweli, nikanyamaza.

Vitabu vya mkondo B vikafungiwa stoo. Mwalimu Albina aliomba ruhusa ya kwenda kukagua, akanyimwa mara tatu. Mara ya nne hakuomba. Alipanda lori la Mzee Mwinjuma, mfanyabiashara wa mjini, akashuka Mpui na kumsihi mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano. Aliwaeleza wazazi kwa Kifipa, bila kuficha neno. Mama mmoja, Rozina, akasimama.

"Binti yangu nimemchapa," alisema. "Nilidhani amekuwa mvivu. Kumbe mlimficha kitabu?"

Ndugu Tuntufye alikuwepo na karatasi zake. Alizikunja. Wazazi wakaenda kusimama mlangoni mwa stoo hadi mwalimu mkuu alipotoa ufunguo. Lakini miezi minne ilikwisha kupita. Katika mtihani wa mwaka uliofuata, mkondo A walichaguliwa watatu kwenda sekondari. Mkondo B, hakuna. Wapo wanaosema ingekuwa hivyo hata bila utafiti. Hatutajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ndugu Tuntufye aliacha utafiti ule na kuwaandikia wanakijiji barua ya kuwaomba radhi. Mkubwa wetu hakuandika kitu, ila uhamisho: Mwalimu Albina aondolewe ukaguzi kwa utovu wa nidhamu, akafundishe darasa la kwanza katika shule ya Pito. Barua hiyo pia niliipiga chapa mimi. Yeye mkubwa akapandishwa cheo.

Sasa naambiwa ndiye mgeni rasmi wa sherehe hii, na ndiye atakayemkabidhi Mwalimu zawadi. Kama atausoma ukurasa huu kabla ya kusimama, vizuri.

Tangu mkutano ule, vijiji vya huku havimruhusu mtafiti kuingia darasani kabla ya kusimama mbele ya wazazi na kuulizwa maswali hadi waridhike. Utaratibu huo haukutoka ofisini kwetu. Tungeona aibu kusema tuliuleta sisi.

Mwalimu Albina, shikamoo. Asante kwa watoto wote uliowafungua macho, na kwa wale uliowapigania sisi tukiwa tumekaa vitini. Nilipaswa kusimama nawe siku ile. Nakuomba radhi mbele ya watu wote. Nenda ukalime ulezi na maharage yako kwa utulivu, wajukuu wakuzunguke, afya isikupungukie. Uishi miaka mingi, Mama, na wala usiharakishe kutusamehe.