Safu ya Zabibu Niliyowakataza

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki hata mlangoni. Ruthu, wewe mkubwa, kaa hapa kichwani pangu. Anitha, weka chini huo uji, sitaunywa. Na wewe Luka, mtoto wa mdogo wangu Faustini, usisimame nje kama mgeni. Njoo ukae kwenye kigoda hiki nikuone, na mama yako Priska mpeni kiti, kwa sababu maneno haya ni yao wawili kabla hayajawa yenu. Sikilizeni mpaka mwisho. Mtu asinikatize hata akisikia la kumchoma, kwa kuwa nikisimama katikati sitapata nguvu ya kuanza tena.

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua, walinisema mimi. Mnanijua kuwa ni Gabrieli Ndahani, mzee wa kanisa, mtu wa zabibu hapa Makutupora, niliyewasomesha ninyi wawili pamoja na huyu Luka kwa shamba hili la ekari tatu. Watu husema Gabrieli ana moyo, kamlea mtoto wa ndugu yake aliyekimbia familia. Nimeila sifa hiyo miaka ishirini na mmoja, na leo naitapika.

Mmeambiwa siku zote kwamba shamba hili nilipewa na marehemu Sila Mbuta kwa utumishi mwema. Ni kweli nilipewa. Utumishi wenyewe ndio ninaokuja kuwaeleza.

Ninyi mlimjua Sila akiwa mzee wa fimbo, anayenunua mabati ya kanisa na kuwekewa kiti cha mbele. Sisi tulimjua angali na meno. Pembe za ndovu zilipita mikononi mwake, ng'ombe walioibwa tangu Kondoa hata Manyoni waliuzwa na watu wake, na viwanja vya yatima mjini vilipata wenyewe wapya akikohoa tu. Hakuna aliyewahi kumwona ameshika kisu. Lakini mchuuzi mmoja wa ng'ombe aliyemdhulumu aliokotwa korongoni, na wiki ile ile Sila akaenda msibani na gunia la mchele, akalia kuliko wafiwa. Watu tulijua, na tulijua pia kutojua.

Mtu huyo ndiye aliyenunua mashamba haya yote mnayoyaona, akajenga ile nyumba ya mawe, akamweka mkewe ndani yake, na akaniajiri mimi niwe msimamizi. Mkewe aliitwa Paskalia, Msandawe wa Farkwa, aliyepishana umri na mumewe miaka ishirini na ushei. Sila alikuwa akimwacha humo majuma mawili, matatu, na walinzi getini. Msimu wa kupogolea alikuja shambani ameshika mkasi, akaniambia, "Nifundishe, Gabrieli. Nikikaa ndani ya nyumba ile nitasahau hata kusema." Nikamfundisha. Jina lake la kwao, alilopewa na bibi yake, lilianza na kile kidoko cha lugha yao, ule mlio wa kualisha ulimi, nami ulimi wangu wa Kigogo ulishindwa kabisa kulitamka, na kila nilipojaribu alicheka mpaka akashika nguzo ya mzabibu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili, na nilikuwa sijasikia mtu akicheka kwa ajili yangu kwa muda mrefu.

Mengine sitayasema, mzazi ana mambo yasiyosimuliwa mbele ya watoto. Yatosha mjue kwamba yalidumu miezi kumi, mle ndani ya stoo ya makreti, saa ambazo vibarua walikwenda kula, na kwamba sikurogwa wala sikulazimishwa. Nilimpenda. Jioni nikirudi nyumbani mama yenu Rose, Mungu amrehemu, alinitengea ugali wa uwele na mlenda, nami nikala mbele yake kama mtu safi. Aliniambia siku moja, akiniangalia nikinawa, "Baba Ruthu, mcheza na tope humrukia." Nikajifanya sijasikia. Mama yenu alijua habari ya mwanamke, wanangu. Habari ya maiti hakuijua mpaka anaingia kaburini.

Ndiyo, Ruthu. Nimesema maiti. Nipe maji kidogo.

Faustini, baba yenu mdogo, tulikuwa naye hapa hapa shambani. Yeye kazi yake ilikuwa nguzo na waya. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mtu wa kucheka, ukimtuma chumvi anarudi na habari za kijiji kizima. Priska alipokuwa na mimba ya miezi saba, Faustini akasema anakwenda Kahama kwenye dhahabu, ili mtoto asizaliwe kwenye nyumba ya tembe inayovuja. Priska akaenda Buigiri kwa wazazi wake kungojea kujifungua. Jumatatu asubuhi nilimsindikiza mdogo wangu mpaka stendi. Akanipa mkono, akasema, "Kaka, niangalizie Priska wangu."

Mchana wa siku hiyo hiyo Sila akafika bila taarifa. Akaniita barazani, akaniwekea sahani ya karanga za kukaanga, tukala wote. Kisha akasema kwa upole, kama anayeomba ushauri, "Gabrieli, nimeambiwa na mtu nisiyeweza kumtilia shaka kwamba mke wangu ana mwanamume humu shambani, na mwanamume huyo ni wa nyumba ya Ndahani. Ninyi mko wawili. Nisaidie, nisije nikamwonea asiyehusika."

Getini walisimama watu wake wawili. Nikawatazama wale watu, nikamtazama yeye, nikamfikiria Faustini, ambaye saa ile basi lake lilikwisha kupita Bahi, anakwenda mahali ambapo watu hubadili majina na hawatafutwi. Asiyekuwepo na lake halipo. Nikajiambia, jina halimuui mtu aliye mbali. Nikasema, "Ni Faustini. Nimemfukuza leo asubuhi kwa sababu hiyo hiyo. Ameshaondoka." Sila akaimaliza karanga iliyokuwa mdomoni, akaniambia, "Ahsante. Ndugu kumtaja ndugu yake si jambo dogo."

Luka, kaa. Nakuomba mwanangu, kaa, bado sijafika.

Baba yako hakufika Kahama. Alishuka Manyoni, akalala nyumba ya wageni, usingizi ukamkataa, asubuhi akapanda lori la kurudi. Mama yako hakuwepo nyumbani, kwa hiyo akaja moja kwa moja shambani kuniambia mimi kwanza. Haya nayajua kwa sababu niliyasikia kwa masikio yangu akiwasimulia watu wa getini, anacheka, na mimi niko ndani ya stoo napanga makreti. "Nimeshindwa, jamani! Mtu unaachaje mke mwenye mimba?" Kisha akaniita, "Kaka Gabu! Nimerudi!"

Halafu sauti ikabadilika. Akaniita mara ya pili. Mara ya tatu aliniita kwa Kigogo, kwa lile jina tulilokuwa tukiitana tukichunga mbuzi, ambalo hata ninyi hamlijui, na sitalitaja, kwa kuwa hakuna aliyebaki mwenye haki ya kuniita hivyo. Mlango wa stoo ulikuwa na komeo kwa ndani. Nilinyoosha mkono kwenye komeo. Mmekwisha kufikiri kwamba nililifungua. Nililisukuma, wanangu, nikahakikisha limeingia vizuri.

Siku ya tatu Sila alinichukua akanionesha udongo uliotifuliwa, upande ule wa uzio, akasema, "Hapa panda safu mpya. Asipande kibarua, panda wewe." Nikapanda miche arobaini. Nilipomaliza akaniambia, "Kuanzia safu hii mpaka kwenye uzio pana ekari tatu, ni zako, na hati utapata. Mtu mwenye kitu chake ardhini hahamihami." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu zile karanga alijua ni nani, na kwamba alitaka tu kuona nitafanya nini.

Ile safu niliyowakataza, niliyowaambia ina dawa kali ya wadudu, ndiyo hiyo. Haikuwa na dawa. Anitha, ulipokuwa na miaka mitano nilikuchapa kwa sababu nilikukuta unakula zabibu zake, ukalia siku nzima hujui kosa lako. Hukuwa na kosa.

Paskalia alinijia mara moja tu. Alisimama kwenye mlango wa stoo, akasema, "Umemtaja mtoto wa mama yako?" Nikainamia makreti. Akasema, "Ungenitaja mimi." Sila hakumpiga wala hakumrudisha kwao. Alimwacha katika nyumba ile miaka kumi na mmoja, akipita mbele yangu kila mavuno, na hatukuwahi kusemezana tena hata kwa salamu. Saratani ilipomwua, nilibeba jeneza lake mimi na mumewe, yeye mbele, mimi nyuma, na watu wakasema angalieni, mfanyakazi mwaminifu.

Priska, shemeji yangu. Luka alipotimiza miezi minne ulikuja kwangu naye mgongoni, ukataka nikupeleke Kahama ukamtafute mumeo. Nikakuambia nimesikia kwa dereva wa lori kwamba ana mwanamke huko na kwamba hataki kuulizwa. Hapakuwa na dereva. Ulikaa chini palepale kwenye vumbi, mtoto akaanza kulia, nami nikakuinua kwa mikono hii. Mama yetu mzazi alikufa akimwita Faustini mwana asiye na shukrani. Nilikuwa nimemshika kichwa, nikaitikia.

Na wewe Luka, siku ya kuandikishwa shule ulikataa jina la baba yako, ukamwambia mwalimu wewe ni Luka Gabrieli. Mimi nikaweka saini. Mwanangu, baba yako hakukuacha. Alishuka kwenye basi kwa ajili yako.

Unasemaje, Priska? Sema tena, masikio yangu... Alikuwa amevaa nini? Sijui, shemeji. Sikumwona. Palikuwa na tundu kwenye ubao, ningeweza kuchungulia. Sikuchungulia.

Basi sikieni wosia wangu, maana nachoka. Shamba hili lote, ekari tatu, ni la Priska na Luka. Kiwanja cha Chimwaga nacho ni chao, kwa sababu kilitokana na zabibu hizi hizi. Ruthu na Anitha, ninyi mna mbuzi wa mama yenu na cherehani yake; hivyo havikupita mikononi mwangu, ni vitu safi, gawaneni kwa amani wala msimnung'unikie mtu. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa, naye awaite polisi, myaseme haya kama nilivyoyasema, msinipunguzie. Luka arudishiwe jina lake kwenye vyeti vyote. Faustini azikwe karibu na mama yetu, na mchungaji atamke mbele ya watu wote kwamba hakuwa mtoro.

Mimi msinizike hapo. Nizikeni makaburi ya mjini, kati ya watu nisiowajua, pasiwe na wa kunisifu. Wana wa Sila msiwaguse, walikuwa watoto. Aliyestahili kulipa amekufa mwaka jana kitandani kwake, ameshikwa mkono na mapadri na wachungaji, na mimi niliyebaki naondoka. Mnaniuliza mioyoni mwenu kwa nini leo. Kwa sababu nilingoja afe kwanza. Hata toba yangu, wanangu, imetanguliwa na woga, na sidhani kama huko ninakokwenda wataipokea. Nimeomba miaka yote hii na sijawahi kusikia upande wa pili mtu akijibu. Majuto si mjukuu kama wasemavyo. Mjukuu hukua, akaondoka nyumbani.

Ruthu, niinue kidogo... hapo, hapo. Nani ametoka? Luka? Mwacheni. Asimshike mtu. Hajanitukana? Angenitukana ingekuwa... basi.

Shikaneni. Msimfiche mtu ukweli kwa kuogopa mtu mwingine. Mungu wa mama zenu, si wangu, awape mvua kwa wakati wake... awape watoto wanaoitika wakiitwa... awaondolee jina langu juu yenu kama vumbi. Anitha, usilie, pumzi inaniisha, nataka nisikie. Sauti gani hiyo nje? Ni jembe? Anachimba?

Peke yake?

Nendeni. Wote, nendeni, mimi msinikalie hapa, hili nitalimaliza mwenyewe. Priska ameshatoka?... Nendeni mkamsaidie, mwenyekiti atawakuta huko. Anzeni upande wa uzio... mche wa tisa, wa kumi... Ng'oeni mizabibu yote, msiionee huruma. Na mkifika chini... Ruthu, unanisikia... mkifika chini wekeni majembe. Tumieni mikono.