Nani Anabeba Beseni la Mama Florentine

Godelieve, muuguzi anayepima uzito wa watoto kila Jumanne kwenye kituo cha afya, ndiye aliyeniambia kwanza. Nilikuwa nimempeleka mtoto wangu Nuru. Mama mkwe wangu, Mama Florentine, alitusindikiza, akabaki nje kwenye kivuli. Godelieve alimtazama kupitia dirisha. Akaniuliza umri wake, na kama alishikwa na ile homa ya mafua iliyopita mitaani. Nikajibu kwamba ana miaka hamsini na miwili, na homa ilimlaza siku tisa.

— Mwanamke akikoma hedhi, alisema kwa sauti ndogo, mishipa ya moyo wake inapoteza kinga iliyokuwa nayo. Homa ya virusi ikimkuta hapo, inaweza kuuchosha moyo hata kikohozi kikiisha. Haiko kila mama. Lakini ukiona pumzi inamkatika, kifua kinambana, taya linamuuma, miguu inavimba, umulete. Usingoje.

Nikasema ndiyo. Halafu sikumwambia mtu. Kwetu mke wa mtoto hatamki habari za mwezi za mama mkwe wake, hata mbele ya mumewe. Na mume wangu yuko Lulimba, anachimba dhahabu.

Ninauza kahawa hapa Baraka, karibu na mahali boti zinapotia nanga. Mbele ya jiko langu kuna benchi, yaani ubao wa boti iliyovunjika, uliolazwa juu ya mawe mawili. Wanaolikalia ni walewale. Kuna Kapita, anayesimamia upakiaji wa boti. Huyo ni mdogo wake Mama Florentine, kwa hiyo ni mjomba wa mume wangu. Kuna Dokta, ambaye alibeba makatoni ya duka la dawa miaka miwili na tangu hapo anatibu kwa mdomo. Na kuna Satelite, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Jumatatu iliyopita Kapita alifika akiwa na haraka.

— Mama Nuru, weka kahawa. Kesho mi siko. Ninapeleka dada Ubwari.

— Kufanya nini? Satelite aliuliza.

— Kuna mzee kule anapiga chuku. Anachanja ngozi na wembe, anaweka pembe, anavuta damu. Dada kifua kinamubana tangu ile homa.

— Damu ya nini sasa?

— We mutoto? Damu ya bamama. Zamani ilikuwa inatoka kila mwezi. Sasa haitoke tena. Unafikiri inaenda wapi? Inapanda! Inafika ku moyo, inamukaba.

Niliinamisha kichwa juu ya jiko. Masikio yangu yalikuwa moto kuliko makaa.

— Haiwezi kupanda, Dokta alisema. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Kitu kizito kinashuka. Ingekuwa damu, tungeona miguu imevimba.

Miguu ilikuwa imevimba. Jana yake nilipomkanda, kidole changu kiliacha shimo kwenye kifundo, na shimo halikufunga upesi. Nilitaka kulisema hilo. Nikakoroga sukari.

— Basi ni nini, we Dokta wa makatoni? Kapita aliuliza.

— Haiko kitu. Virusi mi niliiona ku karatasi ya dawa, kadogo hivi. Kakisikia moto, kanakufa. Na mama wa miaka ile anawaka mwili muzima, jasho mpaka shuka inalowa. Virusi itaishi mule namna gani? Maji ya moto hayaunguzi nyumba. Joto yake mwenyewe itamuponesha.

— Ulibebaka makatoni, Dokta. Haukusoma kitu ilikuwa ndani.

— Na we ulisomea wapi?

— Sikilizeni basi, Satelite alisema, akasogea mbele ya ubao. Virusi haikufa. Mama akiacha mambo ya mwezi, mwili unafunga mupaka. Kitu iko inje haiingie, kitu iko ndani haitoke. Sasa virusi iliingia siku moja mbele ya kufunga. Imebaki ndani kama mugeni bila karatasi. Inatafuta nyumba. Na ndani ya muntu, ni moyo tu iko na milango.

— Aa! Kapita alisema.

— Inafungua, inafunga, inafungua. Ndiyo pale kifua kinapiga tu-tu-tu. Dawa ni mawimbi. Apande boti siku ya upepo, arushwe vizuri, itatoka yenyewe!

— Unaona? Kapita alipiga paja. Boti tu! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo wakanyamaza ghafla, kwa sababu Mama Florentine mwenyewe alikuwa anakuja kutoka upande wa soko, anakouza ndakala, dagaa wa ziwa letu. Alitembea polepole, mikono mitupu. Aliketi pembeni ya ubao, uso unang'aa jasho ingawa upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye taya.

— Mama, nikupe kahawa?

— Maji tu, mwanangu.

— Dada, iko namna gani? Kapita aliuliza.

— Iko vizuri. Ni joto ya bamama. Na vile munanyamaza hivi, munapanga matanga yangu?

Wote wakacheka. Yeye alianza kucheka nao, akaacha katikati, akavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Alikunywa maji, akainuka, akaenda. Hakuna aliyemtazama mgongoni isipokuwa mimi.

— Kesho saa kumi na mbili asubuhi, Kapita alisema. Nafasi nilishamushikia.

— Mjomba, nilisema.

Wakageuka wote watatu. Nadhani hawakuwa wamewahi kusikia nikianza neno ambalo si bei.

— Eeh, Mama Nuru?

Mpaka Ubwari ni safari ndefu ya maji. Katikati hakuna muuguzi, hakuna hata jiwe la kukalia. Wembe utakata, damu itatoka, na moyo uliochoka utabaki umechoka. Hayo yote yalikuwa kwenye ulimi wangu.

— Sukari inaelekea kuisha.

— Aa, tutakunywa bila sukari, Dokta alisema. Lakini Kapita, mupeleke kwanza bamupime na ile mashine ya kifua.

— Mashine itaona nini? Moyo wa mtu ni msitu! Nani anaingia ku msitu na mashine?

Pikipiki ikasimama. Alikuwa Anatole, dereva anayeleta abiria kutoka Lulimba, nguo zake nyekundu kwa vumbi la barabara. Aliomba kikombe, akanywa amesimama, akiwasikiliza wakirudia damu, joto na mawimbi. Alipomaliza alirudisha kikombe mkononi mwangu.

— Ni ule mama nimepishana naye hapa? Muuza ndakala?

— Ndiye, njo yeye.

— Mi namujua. Zamani kila safari nilikuwa ninamukuta na beseni ku kichwa, imejaa, na anaimba. Leo mikono mitupu. Sasa beseni yake nani anabeba, na tangu siku gani?

Satelite alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza habari haikumfikia.

Hakuna aliyenigeukia. Beseni lilikuwa kichwani mwangu kila asubuhi, wiki tatu sasa. Siku ya kwanza aliniambia shingo inamuuma. Mimi natangulia kutoka ziwani, yeye anafuata, na nasikia miguu yake ikisimama nyuma yangu: kwa fundi wa nguo, msikitini, halafu kwa anayechaji simu. Mara tatu. Sikuwahi kugeuka, nisimwaibishe.

— Bon, Kapita alisema mwishoni. Ongeza kahawa.

— Imeisha.

Birika lilikuwa nusu. Walipoondoka, niliimwaga kahawa hiyo mchangani.

Asubuhi iliyofuata nilichana ukurasa wa daftari, nikaandika niliyoyaona, maana nilijua mbele ya watu nitashindwa. Nikamfunga Nuru mgongoni, nikashuka ziwani. Mfuko wa Mama Florentine ulikuwa tayari ndani ya boti. Yeye alikuwa bado mchangani, anapumzika. Niliingia majini mpaka magotini, nikautoa mfuko.

— Mama Nuru! Unafanya nini? Rudisha!

— Mjomba, beseni ni mimi ninabeba. Tangu homa.

Sikumtazama usoni. Kapita alibaki ameshika kamba ya boti, hakuivuta wala hakuiachia. Mama Florentine hakubisha. Alinifuata mpaka kwenye pikipiki ya Anatole, niliyemwomba atungoje, akapanda, nikapanda nyuma yake na mtoto.

Kituoni Godelieve alisoma karatasi yangu huku akimfunga mkononi kitambaa cha kupima tansio, shinikizo la damu.

— Umeandika anasimama mara tatu kutoka ziwani mpaka nyumbani?

Niliitikia kwa kichwa. Mama Florentine akamgeukia muuguzi.

— Haiko mara tatu, alisema. Ni mara ine. Ya ine ninasimamaka nyuma ya nyumba, yeye asinione.