Picha ya Ubongo wa Daktari Germaine Kitenge

Wapendwa wafiwa, kabla hatujamsindikiza binti yetu, familia ya mzee Nicolas Kitenge imeomba msikie alivyoishi.

Daktari Germaine Kitenge alizaliwa Panda, hapa Likasi, tarehe 14 Machi 1954, baba yake akiwa fundi wa umeme kule kwenye bwawa la Koni, akasoma kwa masista, kisha udaktari Kinshasa, alikohitimu mwaka 1980. Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na mwalimu Evariste Numbi, nao wakajaliwa mtoto mmoja, Samy, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1988, mama yake alipokuwa masomoni. Huko aliingia katika utafiti wa kupiga picha za ubongo, uliochunguza jinsi homoni zinavyoshuka mama akishajifungua, na jinsi serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na utulivu wa moyo, inavyoweza kuyumba pamoja nazo.

Alirudi mwaka 1990, na mwaka uliofuata mishahara ikakatika, dawa zikaadimika, wenzake wengi wakahama, yeye akabaki, akipokea wagonjwa sebuleni kwake Kikula, bila mashine yoyote.

Mwezi wa Juni 1993 jirani yake Martine, mke wa dereva Fidèle, alimzaa Elikia, akawa analia mchana kutwa na kumgeuzia mtoto mgongo. Mama Kapya, mamake Fidèle, akafuata desturi tuliyoikuta kwa wazee, kwamba mzazi anayemkataa mtoto anaficha mwanaume, akadai jina litajwe mbele ya ukoo, la sivyo Martine arudi kwao na mtoto abaki. Martine alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kubuni jina lolote, apumzike.

Siku ya kikao cha ukoo Daktari Germaine alikwenda na picha ya ubongo aliyotoka nayo Ubelgiji, akaiweka mezani, akaeleza kwamba huo ni ugonjwa, nao una tiba. Wazee walicheka, na Mama Kapya akamuuliza:

“Docteur, mu hii picha ule mwanaume iko wapi?”

Marehemu, ambaye hakuwahi kusema habari zake nje ya nyumba yake, alijibu taratibu:

“Mama, hii kichwa ni ya miye. Nilimuzala Samy, nikamukataa, nikalia miezi. Basi uniulize na miye jina.”

Mwalimu Evariste alisimama nyuma ya kiti cha mkewe, akamwekea mkono begani, wala hakuna aliyeuliza. Martine alibaki kwake na mwanawe, akatibiwa hadi mwaka uliofuata, akapona.

Figo zilianza kumsumbua marehemu Januari 1997, akatutoka Jumapili, tarehe 9 Novemba 1997.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uchache wa vifaa walivyokuwa navyo, wenzake wa kazi, majirani wa Kikula, Martine aliyemwosha, na Mama Kapya, anayewapikia wafiwa bukari, ugali wetu, tangu Jumapili, ambaye kwa ridhaa ya Martine aliomba mwenyewe neno lile la mwaka 1993 lisomwe hapa, mbele ya watu wote, na yeye akiwepo.

Daktari Germaine, ulale kwa amani.