Kiota cha Upande wa Gervas

Pale njia panda ya Lusahunga, malori ya Rusumo yanapopunguza mwendo, kuna benchi la ubao uliotoka kwenye tela lililopinduka. Asubuhi hiyo Pancras, ambaye kijiwe kilimwita Afisa kwa kupenda kila kitu kiende kwa mstari, alikalia ncha yake, jembe katikati ya magoti, kahawa ya Felisita ikimpolea mkononi. Mradi wa kuhifadhi ndege ulipowaomba wenye vishamba vya bondeni waache kulima, warudishe mafunjo ili korongo taji walioadimika waje kutaga, yeye ndiye wa kwanza kung'oa maharage yake. Juzi korongo wamerudi. Wametaga ng'ambo ya mfereji, kwa Gervas. Na Jumamosi mradi unasimika kibao chenye jina la mwenye shamba lenye kiota.

— Gervas, — Pancras alisema, kama anatema kokwa. — Mtu asiyejua hata jembe lake lilipo.

— Anawalisha pumba, — akasema Bukuru, aitwaye Redio. — Nimemwona na ndoo.

— Ile ndoo ya maji, Redio, — Felisita alisema, akimimina kahawa.

— Maji gani mtu anabeba huku anatabasamu?

Erasmus, utingo mstaafu waliyemwita Breki, aliweka kikombe chini.

— Pumba si kitu. Wale ndege hucheza kwanza ndipo watage. Gervas kacheza nao. Kakunjua mikono, anaruka.

— Kwa goti lile bovu? — Pancras aliuliza.

— Ndiyo maana wakamwonea huruma.

Redio hakukubali kuachwa nyuma.

— Wale wametoka Burundi, ng'ambo ya mto Ruvubu. Gervas kawapokea kwa Kihangaza, ndugu wa Kirundi, kama shemeji zake. Afisa hapa kawasalimia kwa Kiswahili cha barua ya serikali. Nani atataga hapo?

Pancras hakucheka. Shati la Jumamosi lilishapigwa pasi, na mama mkwe, aliyealikwa kabla korongo hawajataga, alikuwa anatoka Runazi kuja kusoma jina la mkwewe.

— Mimi nimepanda mafunjo mistari kumi na minane, kwa kamba, — alisema. — Kila wiki napalia. Jani la ovyo hulioni. Gervas kaacha pori, mbuzi akiingia hatoki.

— Pori kabisa, — Breki alikubali.

— Na ndiye anaandikwa kwenye kibao.

Pikipiki ikasimama. Ni Happy, binti wa mradi, buti zimejaa tope la bondeni.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Nimetoka kuhesabu mayai. Mzee Pancras, mbona upande wako ni peupe hivyo? Korongo hutafuta majani ya kujificha. Nani anayapalia?

Benchi zima likatazama barabara. Lori likapita, likafuatwa na jingine.

— Kahawa imekwisha, — Felisita alisema, na birika bado zito mkononi mwake.

Kwa kisigino, polepole, Pancras alilisukuma jembe chini ya benchi.

— Gervas, — alinong'ona. — Kumbe hata uvivu kanizidi.