Hoja ya Sampo la Dubai

Kijiwe hiki kipo Makole, mbele ya gereji ya Kefa, pale lami inapoishia na vumbi linapoanza. Benchi lenyewe ni boriti ya chesesi ya lori, imelazwa juu ya matofali. Nusu ya wanaokaa hapo wamewahi kufanya kazi Bungeni na nusu nyingine wamelisikiliza Bunge redioni, kwa hiyo mambo huendeshwa kwa taratibu hizo: mtu huomba mwongozo, mwingine hutoa taarifa, na mwisho kura hupigwa. Mwenye hoja ndiye anayenywesha wenzake kahawa mpaka hoja iamuliwe, na ndiyo maana hapa hakuna hoja inayoharakishwa. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri, Agosti ya mwaka 1996.

Mwenye hoja siku hiyo alikuwa Fredy, karani wa masijala. Anaitwa Dubai kwa sababu gari lake lilinunuliwa huko. Lilishuka melini likiwa na kimo cha kawaida, lakini Dubai alilipitisha kwanza kwa fundi mmoja wa Dar es Salaam, aliyezikata springi zote nne, na tangu siku hiyo gari linatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Limeshapasua sampo mara mbili. Sampo ni lile bakuli la chini ya injini linalobeba oili. Mara zote mbili Dubai alikuwa njiani kwenda Hombolo, kujitambulisha kwa wazazi wa Cecilia, binti anayetaka kumuoa. Mara ya kwanza lilipigwa na jiwe baada ya Ihumwa. Mara ya pili lilikuwa tuta. Baba yake Cecilia alituma barua ya mistari mitatu: Jumamosi hii ndiyo ya mwisho, asipofika, posa irudi ilikotoka.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mzee Henry, aliyepiga chapa hotuba za Bunge kwa miaka kumi na tisa na sasa anaitwa Hansadi, kama vitabu vya kumbukumbu za Bunge. Kefa, mwenye gereji, anaitwa Oksijeni kwa sababu ya mtungi wake wa kuchomelea. Wa tatu ni Anyitike. Aliwahi kufanya kazi kule kwenye bwawa la Mtera, jikoni, na tangu aliporudi hakuna jambo la uhandisi analolinyamazia. Anaitwa Mtera.

Hansadi: Kikao kimefunguliwa. Hoja iliyo mbele yetu ni bati la kuvishwa gari chini, ili kulinda sampo. Mtoa hoja asimame.

Dubai: Nimesimama, Mwenyekiti.

Hansadi: Ulisimama kabla hujaitwa. Kaa kwanza, halafu usimame.

Dubai akakaa, akasimama.

Dubai: Waheshimiwa, kesho saa tatu asubuhi natakiwa niwe nimekaa sebuleni kwa mzee. Hili sampo limechomelewa mpaka halina pa kuchomelea. Likipasuka tena, mimi sina mke.

Mtera: Taarifa, Mwenyekiti. Hata sasa hivi hana.

Hansadi: Taarifa imepokelewa.

Oksijeni: Bwana, msimtishe kijana. Bati ninalo. Lilikuwa sakafu ya basi, lile lenye vinundu. Nalikata, natoboa pembe nne, nalifunga na boliti chini ya sampo. Jiwe likija linapiga bati. Sampo huku juu limelala usingizi.

Mtera: Bati lenyewe limenyooka au limepinda?

Oksijeni: Limenyooka.

Mtera: Basi wewe hujui nguvu ya jiwe. Kule bwawani maji yanasukuma usiku na mchana, na ukuta uko palepale. Kwa nini? Umepinda.

Oksijeni: Nimepita pale mara tatu. Ukuta umenyooka.

Mtera: Ulipita kwa basi. Ukiwa ndani ya basi kila kitu kinaonekana kimenyooka. Mimi nilikuwa nauona kwa dirisha la jikoni, nimetulia.

Oksijeni: Ukiwa unakaanga samaki.

Mtera: Nakaanga, lakini naona! Sasa sikilizeni. Tafuta sahani ya plau, ile ya trekta. Imepinda tangu kiwandani. Ifunge chini. Jiwe likifika pale linateleza, linakwenda zake pembeni.

Dubai: Lakini sahani ya plau si inachimba, kaka?

Mtera: Itachimba kidogo.

Oksijeni: Kidogo? Toka Ihumwa mpaka Hombolo? Huyu ataingia kwa wakwe na mtaro nyuma yake. Watu watatoka na ndoo, wakidhani serikali imekuja kulaza bomba.

Hansadi: Kwa upande wa posa, hilo linaweza kumsaidia.

Dubai: Mzee!

Hansadi: Naongea kama mwenyekiti. Shaaban, mmiminie mtoa hoja, anatetemeka.

Shaaban, muuza kahawa, akammiminia Dubai, kisha wengine wote, kwa kuwa walikuwa wamenyoosha vikombe.

Mwenyekiti akaomba kuacha kiti kwa dakika moja ili naye achangie. Akasogea kutoka katikati ya benchi mpaka mwisho.

Hansadi: Waheshimiwa, tunazungumza chuma, chuma, chuma. Babu zake Oksijeni hapa walikwenda vitani na ngao ya ngozi. Mkuki unakuja, ngozi inaukataa. Mimi napendekeza ngozi ya fahali. Inalowekwa, inavutwa chini ya gari ikiwa mbichi, inaachwa ikauke. Ikikauka hapo, hata panga haliingii.

Oksijeni: Hilo ni kweli. Babu alikuwa nayo. Lakini ilikauka wiki mbili.

Hansadi: Siku hizi kuna jua kali.

Dubai: Na mbwa je, mzee?

Hansadi: Mbwa gani?

Dubai: Ngozi mbichi, njia nzima hiyo! Nitafika kwa watu na mbwa kumi na tano. Mzee atauliza, hawa ni wa kwako?

Mtera: Unasema ndiyo. Mtu mwenye mbwa kumi na tano ana mifugo.

Hansadi akarudi katikati ya benchi na kuifuta hoja yake mwenyewe. Oksijeni hakusubiri uamuzi. Alikwenda ndani, akatoka na bati la basi, akapiga jeki, akaingia chini ya gari. Kwa nusu saa kikao kiliendelea na hoja nyingine, kama simba akikutana na trekta nani atakimbia, huku nyundo ikigonga kwa chini.

Alipotoka, gari likashushwa. Hansadi akasema lazima kazi ipimwe. Kabla ya bati, kikombe cha kahawa kilikuwa kinapita chini ya sampo kikiwa kimesimama, na wote walikuwa mashahidi. Shaaban akatoa kikombe kilekile. Oksijeni akakisukuma kwa fimbo. Kikaingia kwa shida, kikalia, kikakwama.



Dubai: Sasa imekuwaje? Si tulisema tunalinda?

Oksijeni: Sampo limelindwa. Mwenye mashaka alete jiwe.

Dubai: Lakini gari limekuwa chini zaidi!

Oksijeni: Bati lina unene wake. Boliti nazo zina vichwa. Ulitaka nilifunge kwa maombi?

Dubai: Haya. Bati linalinda sampo. Na bati linalindwa na nini?

Mtera: Bati la pili.

Oksijeni: Na la pili?

Mtera: Tusivuke daraja kabla ya... Mwenyekiti, nimepata jambo jingine. Tuache kulinda! Sampo lipasuke likitaka. Tunafunga sampo la pili chini yake. La kwanza likimwaga, la pili linapokea.

Hansadi: Yaani sampo la upinzani.

Mtera: Hivyo hivyo, mzee! Nchi nzima ina vyama vingi, kwa nini gari liwe na sampo moja?

Oksijeni: Na hilo la pili ndilo litakalokuwa chini. Ndilo litakalopasuka.

Mtera: Likipasuka si kitu, lilikuwa tupu.

Dubai akashika kichwa kwa mikono miwili. Oksijeni, ambaye mpaka hapo ndiye aliyekuwa anaongea mambo ya kawaida, naye akaambukizwa.

Oksijeni: Subirini kwanza. Sampo la gari hili liko mbele. Nyuma hakuna kitu cha kupasuka, kuna bomba la moshi tu. Kwa nini asiende kinyumenyume?

Dubai: Mpaka Hombolo?

Oksijeni: Nyuma ikishapita juu ya tuta, unajua mbele itakutana na nini. Unashuka, unatazama, unaamua.

Hansadi: Nina wasiwasi na heshima. Mtu anaingia nyumba ya wakwe amewapa mgongo?

Mtera: Anatoka akiwa amewaelekea. Sisi tunatoka tumewapa mgongo, yeye atatoka anawatazama mpaka mwisho. Heshima gani kubwa kuliko hiyo?

Hansadi akafikiri, akakubali kwamba kanuni hazikatazi.

Hansadi: Bado tatizo moja. Tunaogopa nini hasa? Jibuni kwa ufupi.

Dubai: Oili isimwagike.

Hansadi: Basi oili isiwemo.

Wote wakamtazama.

Hansadi: Mwageni oili hapa hapa. Iingie kwenye dumu, dumu likae kiti cha nyuma kama abiria. Sampo likigonga jiwe, litamwaga nini? Halina kitu. Akifika Hombolo anaimimina, anazima gari, anapiga hodi.

Oksijeni: Mzee, injini bila oili inakufa kabla hujafika Ihumwa.

Hansadi: Itakufa, ndiyo. Lakini sampo litakuwa zima. Na hoja iliyoletwa hapa ilikuwa ya sampo.

Mtera akapiga meza ya Shaaban kwa kiganja, kama wanavyopiga Bungeni. Dubai hakupiga. Alikuwa amekwenda kulala kifudifudi kando ya gari, mkono mmoja ukiwa chini ya bati hadi begani, anajaribu kukitoa kikombe.

Hansadi: Nalihoji baraza. Gari liende likiwa na bati la Oksijeni, kinyumenyume, oili ikiwa kwenye dumu. Wanaoafiki waseme ndiyo.

– Ndiyo!

– Mbukwenyi, sauti nyingine iliwasalimu kwa Kigogo nyuma yao.

Alikuwa mama wa makamo, kitenge kiunoni, ndoo ndogo ya zabibu mkononi, vumbi mpaka magotini. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi.

Oksijeni: Mbukwa, mama. Shikamoo. Karibu.

Mama: Marahaba. Natafuta kijana anaitwa Fredy, karani. Nimeambiwa jioni hukaa hapa.

Hansadi: Anatafutwa kwa jambo gani, dada yangu?

Mama: Naitwa Priska. Mimi ni shangazi yake Cecilia, wa Hombolo. Mara mbili tumepika, mara mbili hakufika mtu. Kaka yangu amekasirika. Amenituma nije nijue huyu mtu yupo kweli au ni barua tu.

Miguu ya Dubai, iliyokuwa imenyooshwa kando ya gari, ikajikunja taratibu.

Hansadi akaona ni wajibu wa kiti kueleza. Alieleza kwa mpangilio: springi, jiwe la kwanza, tuta, kuchomelea, bati, kikombe. Mtera akaongeza habari za bwawa. Oksijeni akamwonyesha boliti moja iliyobaki. Mama Priska alisikiliza yote bila kuitua ndoo.

Priska: Nimeelewa. Gari haliwezi kufika.

Hansadi: Hapo ndipo tulipo.

Priska: Sasa mimi nimekuja leo na gari la abiria. Kila siku lipo, linakwenda na kurudi. Kwa nini yeye hakupanda hilo?

Oksijeni akamtazama Mtera. Mtera akamtazama Hansadi. Hansadi akakohoa.

Hansadi: Swali ni la msingi. Litajibiwa kwa maandishi.

Priska: Barua yetu ilisema aje. Mliona mahali tulipoandika aje na gari? Tulimwalika yeye au tulilialika gari?

Mtera akanyoosha kikombe kwa Shaaban. Shaaban akainamisha birika. Yakatoka machicha.

– Imeisha, akasema.

Dubai aliinuka kutoka chini. Shati lilikuwa na vumbi mbele na shavu moja lina oili. Kikombe alikuwa amekipata. Alikiweka juu ya benchi kwa uangalifu, akajifuta mikono kwenye suruali, akapiga goti kidogo.

Dubai: Shikamoo, shangazi.

Priska: Marahaba. Ndiye wewe?

Dubai: Ndiye mimi.

Shangazi alimtazama kuanzia viatu kupanda juu. Ilichukua muda, maana Dubai ni mtu mrefu. Kisha akaligeukia gari, akaangalia paa lake, akamwangalia tena yeye, lakini hakuuliza anaeneaje mle ndani.

Priska: Angalau upo. Mimi leo nalala kwa ndugu zangu, Chang'ombe. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nipo stendi, narudi Hombolo. Ukinikuta, tunakwenda wote. Na uoge.

Dubai: Nitakuwepo kabla yako, shangazi.

Akampokea ndoo ya zabibu. Walikuwa wamepiga hatua kama kumi hivi kuelekea Chang'ombe, yeye nyuma ya mama yule, aliposimama na kugeuka.

Dubai: Shangazi, na gari langu je?

Mama Priska hakusimama.

– Litakuja likiwa tayari.