Msifunge Mlango wa Benki

Sikilizeni wanangu, na wewe kitinda mimba punguza kilio, sauti inafika hadi chini. Nilijenga vyumba hivi juu ya benki yetu ili niwasikie watu wakileta akiba zao. Leo nawasikia wamepanga foleni kuzichukua, kwa kuwa wamejua naumwa, na miguu ya kushuka ngazi nikawatulize sina.

Benki si maskini. Maduka ya sokoni, mashine za kusaga, malori, vyote vimesimama kwa mikopo yetu, na wakopaji wanalipa. Lakini mkopo wa miaka kumi haumpi mtu fedha yake asubuhi hii. Mali isiyo na fedha taslimu ni kisima kisicho na kamba: maji yapo, na kiu ipo. Yule mjumbe wa benki kubwa inayotaka kutununua analijua hilo, ndiyo maana bei aliyotupa jana haifiki hata nusu ya ile ya kwanza, ilhali hakuna duka lililoanguka.

Na mtaji wetu wenyewe ni mwembamba. Kila mwaka nilisema faida ibaki ndani, akiba haiozi. Nanyi na baba yenu mdogo mkasema tugawane, ponda mali kufa kwaja. Haya, kufa kumekuja, na tumejivika fedha za watu, nguo ya kuazima isiyositiri maungo. Iliniuma sana. Mwambieni ndugu yangu nimemsamehe.

Shamba liuzwe, na vyumba hivi pia, fedha yote iingie kwenye mtaji, asiiguse mtu. Benki msiiuze kwa bei ya hofu.

Najua mwenye duka akifa, duka hufungwa kwa heshima yake. Mimi msinifungie! Wakikuta mlango umefungwa, nani ataamini ni msiba? Watasema fedha zimekwisha, na wote watazitaka siku moja. Nizikeni mlango ukiwa wazi. Binti yangu mkubwa, wewe mshika fedha, usinisindikize. Kaa dirishani, uwalipe, uwachekee. Najua nakutwisha mzigo mzito, mama.

Radhi zangu mnazo nyote. Mungu awaweke pamoja, asiwape… nishikeni mkono.

Nini hicho? Lango la chuma… linashushwa. Ni mlinzi, masikini, amesikia kilio, amedhani nimekwisha kufa. Kimbieni mmwambie bado. Afungue. Mbona mnaniinamia tu? Hamnisikii? Nasema… afungue…